Mfinyanzi Asilie Gaeni



Kwetu ni Malolo, wilaya ya Ruangwa, na bibi yangu ni mfinyanzi. Wakati wa likizo humsaidia kuchimba udongo na kukusanya kuni. Nikirudi shuleni wenzangu hunicheka, wakisema hiyo ni kazi ya watu wasiosoma. Leo nataka kuwajibu, wala si kwa hasira.

Mwaka jana mjomba wangu aligongwa na pikipiki. Mfupa wa muundi ulivunjika vibaya hata kipande kikapotea. Madaktari walichukua mfupa kidogo katika nyonga yake wakauziba pengo lile. Mguu ulipona, lakini nyonga iliendelea kumwuma miezi mingi. Nilimwuliza mwalimu wetu wa kemia: Je, hapana kitu kingine cha kuziba pengo, ila mtu akatwe mara ya pili? Akanijibu kwamba kipo, na bibi yangu angeelewa upesi namna kinavyotengenezwa.

Kitu hicho ni kauri yenye vitundu. Haifanywi kwa udongo wa vyungu, bali kwa kalsiamu na fosfeti. Mojawapo huitwa hidroksiapatiti, nayo yafanana sana na madini ya mifupa yetu. Unga wake huchanganywa na maji na kitu kinachoungua, kama wanga, kisha hukaushwa na kuchomwa. Wanga huteketea na kuacha vitundu. Moto ukipita nyuzi 1000, chembe za unga hushikamana. Yafaa vitundu viwe na upana wa milimita 0.1 hadi 0.5 hivi, tena viungane, ili mishipa ya damu ipenye na mfupa mpya uote ndani.

Mwaka 1974 huko Marekani, Della Roy na mwenzake walionyesha kwamba tumbawe laweza kugeuzwa hidroksiapatiti bila kupoteza vitundu vyake. Tumbawe ndilo jiwe walilojengea wazee wa Kilwa, katika mkoa wetu huu wa Lindi!

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mataifa tajiri. Kweli, yana ugumu. Vitundu vikizidi, kauri huwa dhaifu, haiwezi kubeba uzito wa mwili bila msaada wa chuma. Tena kitu cha kutiwa mwilini sharti kiwe safi na kipimwe sana. Lakini mifupa ya ng'ombe yatupwa machinjioni, nayo ikichomwa hubakiza madini ya namna ile ile. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Je, sisi wenye mifupa na ufundi wa moto tuendelee kulia gaeni, tukingoja kuuziwa kauri za wengine?

Rai yangu ni hii. Tumwalike mfinyanzi mmoja shuleni. Tufinyange vigae vyenye unga wa mbao kwa vipimo mbalimbali, tuvichome, kisha tupime kila kimoja chanyonya maji kiasi gani na chavunjika kwa uzito gani. Vigae hivyo havitamponya mtu, lakini mwanafunzi atakayevipima aweza kesho kutengeneza vitakavyoponya.

Na atakayenicheka tena, kwanza anieleze kwa nini maji ya mtungini ni baridi.