Kaunta ya mchongaji na kaunti mbili

Pita vichochoro vya Mji wa Kale kuanzia Fort Jesus, uhesabu maduka ya vinyago. Karibu kila moja lina rafu yake ya mawe ya Kisii: sahani, vikombe, ndovu, viboko waliopakwa rangi ya waridi na buluu. Mtalii huuliza bei, akapatana, akalipa, akaenda zake. Jiwe limetoka wapi, haulizi sana, na muuzaji naye hana haraka ya kumwambia. Limetoka Tabaka, Mugirango Kusini, kaunti ya Kisii, upande wa pili wa nchi, na mara nyingi aliyelichonga hajawahi kulitia jicho duka lile.

Wiki hii nataka tuzungumze duka jingine, lile ambalo mchongaji wa Kisii au Nyamira angelifungua kwao, lenye kaunta, kibao mlangoni na kifaa cha kunakshi majina. Najua yuko msomaji atakayeuliza, sisi Wapwani hayo yatuhusu nini? Yatuhusu. Mzigo wao uko kwenye rafu zetu, na hesabu inayowabana wao ndiyo inayowabana mafundi wetu wa milango kule Lamu.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. Jiwe la Tabaka huchimbwa kwa mikono, kwa sururu na jembe, hukatwa kwa msumeno na panga, kisha mchongaji hulitoa umbo kwa patasi na kisu likiwa bado lina unyevu. Baada ya hapo kina mama hulisugua kwa msasa ndani ya maji mpaka liwe laini kama sabuni. Hupakwa rangi, na rangi ikishakauka mtu huchukua kitu chenye ncha kali akaichora. Kila anapopitisha ncha, weupe wa jiwe huchungulia chini ya rangi. Hatua hii ya mwisho ndiyo nakshi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye duka ndani yake.

Nieleze kwa nini. Ndovu wa jiwe anaweza kununuliwa kwa dazeni na dalali, akafungwa kwenye gunia na kuuzwa Mombasa, Nairobi au Ulaya. Anayemchonga hana nguvu ya bei, kwa sababu jirani yake amechonga ndovu yule yule na ana ada ya shule ya kulipa Jumatatu. Lakini jina la mtu halina dazeni. Kombe la mwalimu anayestaafu, kibao cha kaburi, sahani ya maharusi yenye tarehe yao, hivyo dalali hawezi kuviweka ghalani akingoja bei ipande. Lazima mteja asimame mbele ya fundi, amtajie herufi moja moja, arekebishe, alipe rubuni, arudi Ijumaa. Mahali pa kufanyia hayo ndipo panapoitwa kaunta. Tulipokuwa tukisomea stashahada ya biashara tulikaririshwa mambo mengi juu ya soko, lakini hili nimelielewa kwa kuangalia mawe.

Na wateja wapo palepale. Gusii ina shule nyingi zinazoshindana kwelikweli. Nyambaria, ambayo iko Nyamira, iliongoza nchi nzima katika KCSE ya 2022, na shule za namna hiyo hazimalizi mwaka bila siku ya kutoa tuzo. Chuo Kikuu cha Kisii kilipata hati yake 2013, na kila mahafali ni wazazi wanaotaka kubeba kitu nyumbani. Makanisa huaga wachungaji. Watu huzikwa kwenye boma la familia, na familia hutaka jina liandikwe vizuri. Halafu ifikapo Desemba wanarudi wale walioko Marekani, hasa Minnesota, ambako Wakisii ni wengi. Hao hawaji kutafuta ndovu.

Wachongaji Wakamba wa Changamwe walilijibu swali la kaunta zamani. Waliunda ushirika wao 1963, wakaweka ukumbi wa mauzo hapohapo penye vibanda vya kuchongea, na kinyago hubeba nambari ya aliyekichonga ili fedha zimfikie yeye. Lakini Changamwe iko njiani, watalii wanaotoka uwanja wa ndege wanapita karibu. Tabaka haiko njiani kwa mtalii yeyote. Anayefungua duka kule akitegemea mzungu atafunga kabla ya msimu kwisha. Sifa si tatizo: mchongaji Elkana Ong'esa ametoka huko, na kazi yake imesimama mbele ya makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Sifa ya Paris hailipi kodi ya chumba karibu na soko la Daraja Mbili.

Sasa chumba chenyewe. Mwenye nyumba anataka kilemba, wenyewe bara wanakiita gudwili, juu yake kodi ya miezi kadhaa mbele. Kaunti inataka leseni ya biashara, inataka ada ya zimamoto, inataka ada ya kibao. Hilo la kibao hunichekesha kila mara: fundi ambaye kazi yake ni kuandika majina anatozwa kwa kuandika jina lake mwenyewe. Mashine ya leza, akiamua kuinunua, inakula umeme, na tokeni haijui kama leo umepata mteja.

Serikali kuu nayo iko mlangoni. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3, kwa wale ambao mauzo yao ni zaidi ya milioni 1 na hayazidi milioni 25 kwa mwaka. Milioni 1 kwa mwaka yasikika kubwa, lakini ni kama shilingi 84,000 kwa mwezi, na duka la tuzo lenye shule tatu au nne linafika hapo. Akiuza vya shilingi 100,000 anatoa 3,000, awe amepata faida au hakupata, kwa sababu kodi hii inatazama mauzo peke yake. Ndani ya ile laki moja mna jiwe, mna mchongaji, mna mama wa msasa, mna rangi. Fundi wa uani, asiye na kibao, halipi hata senti na anauza bei ya chini. Mtu akikuambia vijana hawapendi kurasimisha biashara zao, mwonyeshe hesabu hii.

Lakini mahali ninapopaona pagumu kuliko pote ni Keroka. Mji huu umekaa mpakani, upande mmoja Kisii, upande mwingine Nyamira, na kwa biashara ya nakshi ni mahali pazuri mno, maana unawapata wateja wa kaunti zote mbili katika siku moja ya soko. Tangu ugatuzi uanze 2013, kaunti hizo mbili zimekuwa zikivutana juu ya nani akusanye ushuru pale, na wafanyabiashara wamelalamika kuandamwa na pande zote mbili. Duka kubwa linaweza kuajiri wakili. Fundi wa makombe, akifungiwa mlango siku mbili wiki ya mahafali, mwaka wake umekwisha.

Katiba haikunyamaza. Kifungu cha 209 kinasema kaunti zisitumie uwezo wao wa kutoza kodi kwa namna inayodhuru shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka ya kaunti. Kuhamisha mpaka wenyewe, kwa kifungu cha 188, kunahitaji tume huru na theluthi mbili katika Bunge la Taifa na Seneti, jambo ambalo mimi silingojei. Lakini kifungu cha 189 kinaruhusu kaunti kuunda kamati au mamlaka ya pamoja. Magavana wawili wanaweza kukaa meza moja wakakubaliana: risiti moja kwa duka moja la Keroka, popote ulipo mlango wake, kisha wao wagawane fedha huko ofisini. Na mwaka wa kwanza wa fundi ada ya kibao isamehewe. Hasara ya kaunti hapo ni ndogo sana.

Sisi je? Wapo wenye maduka Mombasa watakaoogopa kwamba Wakisii wakipata kaunta zao mzigo wetu utapanda bei. Utapanda, na ni haki yao. Lakini na sisi tumekuwa wavivu. Tumemwachia mtalii achague, kwa hiyo Tabaka wanachonga wanyama na sanamu za watu, vitu ambavyo nyumba nyingi za Kiislamu hapa Pwani haziweki sebuleni. Wakati huohuo jiwe hili linavumilia moto, na sisi ndio watu wa udi na ubani. Vyombo vya jiwe laini si vigeni kwetu hata kidogo; karne nyingi zilizopita vilikuwa vikija kwa majahazi kutoka Madagaska, na vipande vyake vimefukuliwa Kilwa. Chetezo cha jiwe la Kisii chenye jina la bibi harusi, au kibao cha mlangoni kilichonakshiwa kwa Kiarabu, hivyo vingenunuliwa Majengo, Lamu na Malindi mwezi wowote, meli za watalii zije zisije.

Hapo ndipo mwenye duka wa Mombasa anahitaji mtu mwenye kaunta kule, anayepokea simu, anayeandika oda kwenye daftari na kutuma sampuli. Dalali wa gunia hawezi kazi hiyo. Basi la usiku lipo, na watu wa Tabaka wanajua kufunga mawe kwa majani makavu ya migomba.