Kurejelewa si Kutumika: Nani Aipime Kazi ya Msomi?

Miaka kadhaa iliyopita niliomba kupandishwa cheo. Niliambatisha kitabu cha Kiswahili kilichonichukua miaka sita ya kukusanya simulizi za wazee kuhusu migogoro ya ardhi vijijini. Jibu lilikuja kwa sentensi moja: kitabu hakimo katika hifadhidata za kimataifa. Hakuna aliyesema kwamba ni kibaya. Nina shaka kama kuna aliyekisoma. Makala fupi ya Kiingereza niliyoichopoa katika sura moja ya kitabu hicho hicho ilipewa alama zote.

Silalamikii cheo. Nilikipata baadaye, kwa makala za namna hiyo. Nakilalamikia kipimo.

Tukumbuke kilikotoka. Mwaka 1964 Eugene Garfield, huko Philadelphia, alitoa faharasa ya marejeleo ya kisayansi ili kumwezesha mtafiti kufuatilia wazo kutoka makala moja hadi nyingine. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch akapendekeza kielezo cha h: mwenye makala 10 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 10, kielezo chake kimefika 10. Hivyo ndivyo chombo cha kutafutia maarifa kilivyogeuzwa kuwa mizani ya kupimia watu.

Mizani hiyo humfaa anayeandika makala fupi, kwa Kiingereza, katika uwanja unaokwenda mbio. Kipimo mashuhuri cha majarida huhesabu marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia. Miaka miwili! Mwanahistoria huweza kuimaliza akitafuta tu kuaminiwa na wazee anaowahoji.

Tupime basi kazi tunazozijua. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, tunda la utafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mwaka 1981. Imefunguliwa madarasani, katika vyumba vya habari na katika ofisi za umma. Wangapi walioifungua waliiandika katika orodha ya marejeleo? Tume ya Rais iliyochunguza masuala ya ardhi mwaka 1991 na 1992, chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi ikiwasikiliza wananchi. Ripoti yake ilichochea mjadala uliotangulia sheria za ardhi za mwaka 1999, ijapokuwa serikali ilikataa baadhi ya mapendekezo yake makuu. Lakini ripoti ya tume si makala ya jarida, na kwa mizani hii haina uzito.

Matokeo yake tunayaona. Mhadhiri kijana anayetaka kupanda huliacha swali la wakulima na wafugaji wa Kilosa, au hulikatakata limpendeze mhariri wa ng'ambo. Mwanakijiji anatafitiwa, kisha anaandikwa katika lugha na majarida ambamo hawezi kumsahihisha aliyemwandika.

Watetezi wa namba husema kwamba bila namba tutarudi kwenye kujuana. Hofu hiyo ni ya kweli. Kamati za kujuana nimeziona. Lakini wasomi pia hurejeleana kwa kujuana, na namba huufunika upendeleo huo kwa vazi la sayansi. Maonyo pia yameshatolewa: Azimio la San Francisco la mwaka 2012 lilipinga kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida, na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ilitaka takwimu zisaidie uamuzi wa wataalamu, na utafiti wenye manufaa kwa mahali husika ulindwe.

Kwa hiyo nadai jambo moja. Kila mwombaji achague kazi zake tatu bora; kamati izisome katika lugha zilimoandikwa, kisha itoe hukumu yake kwa maandishi yenye sababu. Ndugu watumishi wa umma mnaotunga vigezo vya utendaji, hilo halihitaji hifadhidata ya kulipia. Linahitaji watu wanaolipwa kusoma wasome.