Surua na vitamini A: funzo la Kongo na Uganda

Mwezi Januari 2020, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kuwa surua imeua zaidi ya watu 6,000 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu mwanzoni mwa 2019. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchache wa watoto waliochanjwa katika baadhi ya maeneo, pamoja na utapiamlo.

Sababu hiyo ya pili haipewi uzito unaostahili. Vitamini A hujulikana zaidi kwa kulinda macho, ilhali kinga ya mwili nayo huitegemea. Baadhi ya seli za kinga zilizoko utumboni huigeuza vitamini hiyo kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo huzielekeza seli nyingine za ulinzi ziende utumboni. Mwaka 2004, watafiti wa Japani wakiongozwa na Makoto Iwata walilibainisha jambo hilo kwa kutumia panya. Mwili unapopungukiwa na vitamini A, ni kama askari wapo lakini hawajui njia ya kwenda lindoni.

Surua nayo huipunguza akiba ya vitamini hiyo. Ndiyo maana WHO huagiza mtoto mwenye surua apewe dozi mbili za vitamini A kwa siku mbili mfululizo. Dozi hizo si badala ya chanjo.

Kwa watoto wa miezi 6 hadi 59 walio katika maeneo yenye upungufu, matone hutolewa mara mbili kwa mwaka, mara nyingi kwa fedha za wafadhili. Kufungwa kwa shirika la misaada la Marekani, USAID, mwaka 2025, kumeonyesha jinsi tegemeo hilo lilivyo dhaifu.

Uganda imeonyesha njia nyingine. Mtafiti wake, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016, kwa kazi ya kuendeleza viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo mwili huvitumia kutengeneza vitamini A.

Hata hivyo, kiazi huhitaji shamba na utulivu. Familia inayokimbia vita mashariki mwa Kongo huliacha shamba nyuma. Kwa mtoto wa familia hiyo, matone na chanjo vitabaki kuwa ngao ya kwanza.