NG'AMBO KUNA KITU

Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, tulipanda baskeli zetu pale Forodhani, tukaenda polepole kuutazama mji wetu wa Unguja kama wanavyoutazama wageni. Twakiri kwamba mengi tunayoyapita kila siku, siku hiyo ndipo tulipoyaona. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe mwenye baskeli hana haraka: hupiga kengele, hushuka, huamkiana na watu.

Tulipita Ngome Kongwe, tukaenda hadi Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na leo pana kanisa. Hapo tulimkuta kijana wetu mmoja akiongoza wageni, nao juu ya baskeli. Aliwaeleza vizuri habari za masultani na milango ya nakshi. Tulipofika Darajani, mgeni mmoja akauliza kuna nini ng'ambo ya barabara. Kijana akajibu, "Ng'ambo hakuna kitu," akawageuza.

Ndugu wasomaji, neno hilo lilituuma. Kijana yule twamjua; kazaliwa na kulelewa huko huko Ng'ambo.

Hakuna kitu? Darajani palikuwa na daraja juu ya mkono wa bahari, kabla haujafukiwa. Upande huu majumba ya mawe; upande ule nyumba za wachukuzi, mafundi, wavuvi, na watu waliotoka utumwani. Jina lenyewe "Ng'ambo" ni la mtu aliyesimama upande wa mawe. Huko ndiko alikoishi Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuimba katika santuri. Huko ndiko yaliko majumba ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Hatuwalaumu wageni; mgeni huenda anakopelekwa. Wala hatuudharau Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Lakini baskeli inapogeukia, na shilingi hugeukia hapo hapo. Muuza chai wa Kikwajuni na fundi wa kuziba pancha hawaioni.

Basi twawaambia vijana wanaoongoza safari hizi: vukeni barabara. Waamkieni wazee, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, kaeni barazani, simulieni habari za kwenu bila haya. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Na soko la watumwa tulikwisha lifunga.