Tausi wa Mtoni
Na Mwanaidi Haji Vuai, Mesaimeer

Ijumaa ndiyo mapumziko huku Qatar, na Mesaimeer siku hiyo hujaa Kiswahili. Mabasi ya makampuni yanashusha watu mbele ya uwanja wa makanisa, na katikati ya Wafilipino na Wahindi utawasikia wetu wa Kilifi, wa Moshi, wa Jinja. Mimi Muislamu, sina changu ndani ya geti lile. Ila nakaa mtaa wa pili, na dada mmoja wa Mombasa haji bila mahamri, basi na mimi sikosi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nawasimulia likizo yangu Unguja. Nikasema nilikwenda kutazama gofu la Mtoni.

“Mto gani tena, mama?” akauliza kijana wa Kilifi, bawabu wa jengo la ofisi.

Swali la haki. Nchi hii haina mto hata mmoja.

Mto wenyewe wa Mtoni ni mdogo, mgeni anaweza kuupita asijue. Lakini ndio ulioipa jina nyumba ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, iliyojengwa ufukweni kaskazini ya Mji Mkongwe yapata miaka 200 iliyopita. Moto wa 1914 uliiunguza, chumvi ya bahari ikamalizia. Nilipoweka mkono ukutani, chokaa ilibaki kiganjani kama unga wa muhogo, na nyuma yake jiwe la matumbawe limejaa vitundu, unaona kabisa kwamba liliwahi kuwa hai.

Mtembezaji wetu alikuwa hodari wa maneno. Alitupa tausi, swala na mbuni waliokuwa wakirandaranda uani. Alitupa Bibi Salme, binti wa Sayyid, aliyezaliwa humo 1844 na kutoroka 1866 kwa ajili ya Mjerumani. Wazungu wawili wakafuta machozi. Nusu saa nzima, neno karafuu sikulisikia.

Na Mtoni ni miongoni mwa mashamba ya mwanzo ya mikarafuu Unguja, pamoja na Kizimbani. Saleh bin Haramil anatajwa kuwa ndiye aliyeleta miche kutoka visiwa vya Wafaransa. Sayyid Said alipoionja faida akaamuru kila mnazi mmoja upandiwe mikarafuu mitatu.

Kuamuru ni rahisi. Mimi nimelelewa Pemba, karafuu naijua kwa vidole. Haingoji: tumba likichanua, thamani imekwenda. Unapanda mti, unavuta tawi, unavunja kishada kwa kishada, na mti huo huo utaurudia tena na tena kwa sababu matumba hayaivi kwa pamoja. Usiku mnakaa kuchambua makonyo mpaka kucha zinageuka rangi. Asubuhi majamvini, na wingu likitanda mnakimbia kuanua, mkubwa na mdogo. Nasi tulikuwa tunalipwa.

Waliochuma enzi za Sayyid walikuwa watumwa, wengi wao wametolewa bara, upande wa Ziwa Nyasa na kwingineko, wakavushwa kwa majahazi. Salme mwenyewe, katika kitabu alichokitoa kwa Kijerumani 1886, anakadiria kuwa nyumba ya Mtoni ilikuwa na watu kama elfu moja. Hawakuwa mabinti wa mfalme wote hao. Na humo humo ana sura nzima ya kuutetea utumwa. Hilo nalo mtembezaji alilipitia mbali, labda lingewakausha machozi wale Wazungu.

Jumamosi iliyofuata nikamchukua yule kijana, tukapanda basi hadi Msheireb, katikati ya Doha. Pana nyumba inaitwa Bin Jelmood, iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu 2015 ni makumbusho, kiingilio bure. Mimi si mtu wa kuisifia Ghuba ovyo, nimekaa huku muda wa kutosha. Lakini mle ndani mambo yameandikwa bila kuumauma maneno: watu wa Afrika Mashariki walivushwa bahari, wakazamishwa kutafuta lulu, wakatiwa mashambani na majumbani. Utumwa ulifutwa Qatar mwaka 1952. Mama yangu alikwisha zaliwa. Tena hawakuishia kwenye zamani, pana sehemu inayosema habari za biashara ya binadamu ya leo. Kijana wangu aliisoma hiyo kwa kituo, mikono nyuma, kama anayesoma mkataba.

“Kumbe wameandika,” akasema.

Mimi sidai Mtoni iezekwe upya. Fedha zikipatikana, ziende kwanza kwa mtembezaji: afundishwe kusema nani alipanda mti, nani alichambua, na apewe shada moja la karafuu mbichi la kuwapa wageni wavunje wenyewe.

Tukatoka juani kungoja basi.

“Na kule Mtoni, mama, mtu akiuliza habari za hawa anaambiwaje?”

“Anaambiwa palikuwa na tausi.”