Sabuni Yenye Dodoki: Mizani Kwanza, Faida Baadaye

Katika mashamba mengi ya sehemu zenye joto, hasa pwani na kando ya Ziwa Viktoria, huonekana mmea utambaao juu ya ua au juu ya mti mkavu, wenye maua ya manjano na matunda marefu kama matango. Huo ndio mdodoki. Matunda yake yakiwa machanga huweza kupikwa kama mboga. Yakikomaa na kukauka, ndani yake hubaki nyuzi ngumu zilizosukana kama wavu, nazo ndizo watu wazitumiazo kusugulia mwili tangu zamani. Hata hivyo, mwaka hata mwaka madodoki mengi huanguka na kuoza chini ya ua, na mwenye shamba huenda dukani kununua kisuguo cha plastiki.

Siku hizi wako wenye bidii ambao hutia dodoki ndani ya sabuni waliyoitengeneza wenyewe, vikawa kitu kimoja. Sabuni ya namna hii haiponyoki mkononi, huondoa udongo ulioshika katika visigino na viganja vya mkulima, na kipande chake cha mwisho hakipotei, kwa sababu nyuzi hukishika mpaka kiishe. Jambo hili laonekana rahisi, na kwa kweli sehemu ya dodoki ni rahisi. Lakini sabuni yenyewe si kazi ya kubahatisha. Mtu akikosea kipimo cha chumvi, mboga huharibika siku moja. Akikosea kipimo cha kostiki soda, ngozi ya jirani yake yaweza kuungua.

KULITAYARISHA DODOKI

Mdodoki hupenda jua na joto, wala haustahimili baridi kali. Mbegu zake ni ngumu, kwa hiyo yafaa ziloweshwe katika maji siku moja kabla ya kupandwa. Mmea upewe ua au jukwaa la kupandia, ili matunda yaning'inie bila kugusa ardhi. Tunda lilalalo chini hupinda na kuoza upande mmoja. Matunda ya kufanya dodoki huachwa juu ya mmea mpaka ganda ligeuke rangi ya kahawia, na tunda likitikiswa mbegu zisikike zikilia ndani. Tangu kupanda mpaka hapo huweza kupita miezi 5 au 6.

Tunda lililokauka huloweshwa, ganda likamenywa, mbegu zikakung'utwa na kuwekwa kwa msimu ujao. Nyuzi huoshwa mpaka maji yatoke safi, kisha huanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Neno hilo "kabisa" lisipuuzwe, kwa kuwa dodoki lenye unyevu huweza kushika ukungu na kuharibu sabuni. Baada ya kukauka, dodoki likatwe vipande vya mviringo vyenye unene wa sentimita 2 hivi. Wako wanaotia dodoki zima katika sabuni na kukata baadaye; hao hujuta, maana kisu hukwama katika nyuzi na sabuni hupasuka.

Wala mtu asilidharau dodoki kwa kuwa humea lenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la wanamaji la Marekani lilitumia nyuzi hizi kuchujia katika mitambo ya meli zake.

SABUNI NI HESABU

Sabuni hupatikana mafuta yanapokutana na kostiki soda iliyoyeyushwa katika maji. Mtaalamu wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, alieleza asili ya jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1823: mafuta hugawanyika, sehemu moja hushikamana na soda ikawa sabuni, na sehemu nyingine hubaki kuwa glisirini. Ikiwa vipimo ni sawa, soda yote huisha kazini. Ikiwa soda imezidi, ile iliyozidi hukaa ndani ya sabuni ikimngojea mwogaji.

Tena kila aina ya mafuta ina kiasi chake cha soda. Gramu 1,000 za mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi za kostiki soda safi. Gramu 1,000 za mawese, au za mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa, huhitaji gramu 141 hivi. Basi mtu aliyezoea nazi, siku akiikosa akaweka mafuta ya ng'ombe kwa kipimo kile kile cha soda, atakuwa amebakiza gramu 42 za soda zisizo na kazi. Kwa macho sabuni hiyo itaonekana nzuri na ngumu. Ubaya wake utajulikana bafuni.

Kwa mfano, mtu achukue gramu 300 za mafuta ya nazi na gramu 700 za mawese. Nazi itahitaji gramu 55 za soda, na mawese gramu 99, jumla gramu 154. Waangalifu hupunguza sehemu 5 katika kila 100, ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi, nao hawana hofu ya soda kuzidi. Kwa hiyo hupunguza gramu 8, zikabaki gramu 146. Maji yawe gramu 300. Kiasi hiki chatosha vipande 12 vyenye uzito wa gramu 120 hivi kabla ya kukauka.

Vipimo hivyo vyote ni vya mizani, wala si vya kikombe wala kijiko. Asiye na mizani iwezayo kupima gramu moja moja, heri asianze.

Wengine huuliza kama magadi hayawezi kushika mahali pa kostiki soda, kwa kuwa Ziwa Magadi limo humu humu nchini. La, magadi hayana nguvu ya kuyageuza mafuta haya kuwa sabuni kwa njia ielezwayo hapa. Ni kweli kwamba magadi yakichemshwa pamoja na chokaa iliyozimwa hutoa kostiki soda, lakini nguvu ya maji hayo haijulikani bila vyombo vya kupimia, na kipimo kisichojulikana ndiyo hatari yenyewe.

HATARI ILIYO KATIKA JINA

Kostiki soda huunguza ngozi na hupofusha macho. Yampasa mtengenezaji avae glovu, miwani ya kukinga macho na nguo za mikono mirefu, naye afanye kazi mahali penye hewa. Soda ndiyo itiwayo katika maji, kidogo kidogo, huku maji yakikorogwa. Maji yasimiminwe juu ya soda hata kidogo, maana hufoka kwa ghafula na kumrukia mtu usoni. Ikimgusa mtu, aondoe nguo iliyolowa na kujiosha papo hapo kwa maji mengi yanayomwagika kwa dakika 20 au zaidi. Na ikiwa imeingia machoni, aendelee kuosha, kisha apelekwe hospitali bila kukawia.

Sufuria za alumini, ambazo zimo karibu katika kila jiko la Kenya, hazifai kazi hii. Soda huila alumini na kutoa hewa iwezayo kushika moto. Zitumike sufuria za enameli isiyobanduka, au za chuma kisichoshika kutu, au ndoo nene za plastiki zistahimilizo joto.

Lakini hatari kubwa kuliko zote imo katika jina lenyewe. Mtoto wa Kenya asikiapo neno "soda" hukumbuka kinywaji kitamu cha sikukuu. Maji ya kostiki hayana rangi. Yakiwekwa katika chupa ya kinywaji, mtoto hawezi kuyatambua, na funda moja tu huunguza koo na njia ya chakula. Akipona, huenda akapata taabu ya kumeza miaka mingi. Kwa hiyo soda ikae katika chombo chake cha dukani, chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Maji yake yatengenezwe kwa kiasi cha siku ile tu, yasiwekwe akiba, wala yasiachwe peke yake hata kwa muda wa kumjibu mgeni mlangoni. Ajali ikitokea, mtoto asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali mara moja.

NAMNA YA KUFANYA

Kwanza, vipande vya dodoki vipangwe katika kalibu. Vikombe vya plastiki vyafaa, au vipande vya bomba la plastiki vilivyozibwa chini na kutandikwa karatasi isiyopitisha mafuta.

Pili, maji ya soda yaachwe yapoe, na mafuta yapashwe moto mpaka yayeyuke, kisha vyote viwe na joto la digrii 40 hivi.

Tatu, maji ya soda yamiminwe polepole ndani ya mafuta, huku yakikorogwa bila kuacha. Baada ya muda mchanganyiko huwa mzito kama uji mwepesi, na tone likidondoshwa juu huacha alama kabla ya kuzama. Wakati huo ndio wa kumimina. Mtu akichelewa, uji huwa mzito mno, hauingii katika matundu ya dodoki, na sabuni hutoka yenye mapango ndani.

Nne, kalibu zigongwe taratibu juu ya meza ili hewa itoke, kisha zifunikwe kwa blanketi kwa siku moja au mbili. Baadaye vipande vitolewe kwa mikono yenye glovu, kwa kuwa kazi ya soda haijaisha.

Tano, vipande vipangwe juu ya kichanja mahali penye kivuli na upepo, visigusane, navyo vigeuzwe mara kwa mara kwa majuma 4 hadi 6. Yafaa kipande kimoja kipimwe kila juma na uzito wake uandikwe. Kisipopungua tena, maji yamekwisha kutoka. Lakini ukavu si ushahidi kwamba soda haikuzidi. Kwa jambo hilo hutumika karatasi za kupimia ukali, ambazo huloweshwa katika povu. Zikionyesha 11 au zaidi, sabuni hiyo isiguse mwili wa mtu.

KUTUMIA NA KUUZA

Dodoki ni la visigino, viwiko, mgongo na mikono ya kazi. Halifai uso wala ngozi ya mtoto mchanga. Baada ya kuoga, kipande kisuuzwe na kuwekwa mahali kitakapokauka, kwa sababu nyuzi zenye unyevu hufuga vijidudu. Kila mtu awe na chake. Nyumba yenye upele au choa, watu wakisuguana kwa dodoki moja, watagawana na ugonjwa.

Anayetaka kuuza ajue kwamba kutengeneza kwa matumizi ya nyumbani ni jambo moja, na kupeleka sokoni ni jambo jingine. Katika Kenya sabuni ya kuuzwa huhitaji alama ya Shirika la Viwango, yaani KEBS, na ni heri mtu aulize masharti kabla ya kununua mafuta ya debe zima. Tena asihesabu faida kwa kutoa bei ya mafuta na soda tu. Kuni au makaa, karatasi, nauli, vipande vilivyoharibika, na majuma 6 ya fedha kukaa juu ya kichanja bila kuzaa, yote ni gharama.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtengenezaji wa sabuni, daftari hulinda mali na ngozi za watu pia. Kila pishi liwe na ukurasa wake: tarehe, aina ya mafuta, uzito wa kila kitu, na siku ambayo sabuni itakuwa tayari. Kuna siku mnunuzi atakuja usiku wa sikukuu, fedha mkononi, akitaka vipande vyenye umri wa majuma mawili. Hapo mwenye daftari ataufungua ukurasa, amwonyeshe tarehe, na kumwomba arudi baada ya mwezi. Huenda akaikosa fedha ya usiku ule, lakini mnunuzi yule atajua ni nyumba gani ambayo sabuni yake haina mashaka, naye atarudi pamoja na jirani zake.