Kabla ya Kupiga Rangi Gari Lako, Mwambie Fundi Akuonyeshe Bati

Leo tunatoka shambani kidogo, tunaingia gereji.

Mwezi uliopita mama mmoja anayenunua mpunga katika kata yetu alinisimamisha pale mashineni. Noah yake ya zamani imebabuka boneti, milango imeshika kutu kwa chini, na wateja wameanza kumtania. Akaniambia, "Bwana shamba, wewe mjini unakwenda kila mara. Nielekeze kwa fundi rangi mwaminifu, nisije nikaliwa hela zangu." Nikamjibu, "Mama, fundi nitakayekutajia leo anaweza kukuangusha kesho. Bora nikupe njia ya kumpima." Njia hiyo ndiyo naiandika hapa, maana wenye pikapu, kirikuu na magari ya mkono wa tatu tuko wengi.

Kwanza nikiri: stashahada yangu ni ya kilimo, si ya magari. Haya nimejifunza kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka Corolla yangu kwenye gereji moja mjini, yenye geti kubwa na magari yanayong'aa yamepangwa mstari. Nilitoa shilingi 800,000 zote siku ya kwanza, kwa sababu niliambiwa rangi inapanda bei. Siku ya tano nikakabidhiwa gari linalowaka kama jipya. Masika yalipokwisha, vipele vikaota chini ya mlango wa nyuma. Nilipobonyeza kimoja, rangi ilibanduka pamoja na puti nene kama kitumbua, na nyuma yake bati limeliwa mpaka kidole kinapita. Niliporudi kulalamika nikaambiwa kutu ni ya gari, siyo ya rangi. Sikuwa na karatasi wala picha.

Fedha ile nilikuwa nimeitenga kwa mbolea ya shamba langu. Msimu ule bwana shamba mwenyewe alipanda bila mbolea, na majirani waliona.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: gereji ya kuaminika si ile yenye magari yanayong'aa nje, ni ile inayokuruhusu uone bati kabla halijafunikwa. Mengine yote yanafuata hapo.

Sababu yake ni rahisi. Rangi haiui kutu, inaificha tu. Puti nayo hunyonya unyevu, hivyo ikipakwa juu ya kutu inakuwa kama sponji iliyofungiwa ndani, na kutu inaendelea kula taratibu. Magari yetu ndiyo yanaumia zaidi. Tunabeba mbolea ya chumvichumvi, maji ya samaki yanachuruzika sakafuni, udongo unajazana juu ya matairi na kukaa na maji wiki nzima. Kupiga rangi juu ya kutu ni sawa na kupulizia dawa majani ya nyanya wakati mnyauko umo kwenye mizizi.

Sasa, unampimaje fundi?

1. Usitazame gari lililotoka leo. Gari lolote linapendeza siku ya kwanza. Omba akuonyeshe gari alilolipiga rangi mwaka jana, lililopita masika moja. Nenda na sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio mbovu, uifunge kwa kitambaa laini isikwaruze. Ipitishe sehemu za chini za milango na juu ya matairi. Ikishika kwingine kote lakini ikateleza hapo, kuna puti nene. Bampa usiipime, hiyo mara nyingi ni plastiki.

2. Muulize kutu ataifanyaje. Fundi mzuri atakwambia atasugua mpaka bati ling'ae, palipooza atakata na kuchomelea bati jipya, kisha praima, puti nyembamba ya kusawazisha tu, msasa, praima tena, ndipo rangi. Akikujibu "tutaijaza tu, haitaonekana", muage kwa heshima uondoke.

3. Muulize anatumia rangi gani. NC ni ya bei nafuu na hukauka upesi, lakini hufifia mapema, na petroli ikimwagika inaiharibu. 2K huchanganywa na dawa ya kugandisha, mafundi huiita hadina, nayo hudumu zaidi. Siyo dhambi kuchagua NC kama mfuko ndio unaoruhusu. Dhambi ni kulipia 2K ukapigiwa NC. Rangi ikishakauka kabisa, sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa chenye thina kidogo. NC itayeyuka na kubaki kwenye kitambaa, 2K iliyokauka vizuri itabaki mahali pake.

4. Kama unapiga sehemu tu, tafuta namba ya rangi. Kwenye Toyota nyingi ipo kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Kwa mfano, 040 ni nyeupe na 202 ni nyeusi. Hata hivyo gari la zamani limeshachujuka kwa jua, kwa hiyo anayechanganya rangi alinganishe na bodi yenyewe, asitegemee namba peke yake.

5. Lipa kwa awamu. Theluthi ya kwanza ya kuanzia, theluthi ya pili baada ya wewe kufika na kuona bati limesafishwa, ya mwisho ukikabidhiwa gari. Hiyo siku ya bati piga picha kwa simu. Andikeni karatasi: jina, simu, tarehe, aina ya rangi, sehemu zitakazochomelewa, na muda ambao atarudia kazi bure rangi ikibanduka. Gereji yenye mashine ya EFD ikupe risiti. Cheti cha VETA ukutani ni kitu kizuri, lakini hakichukui nafasi ya macho yako.

6. Tazama anavyojilinda. Hadina ya 2K ina kemikali inayoweza kuleta pumu. Ni kama nilivyowaambia kuhusu viuatilifu: anayepuliza bila barakoa ya kufaa, mama lishe na watoto wakiwa pembeni, anapenda njia za mkato. Usitegemee kwamba kwenye gari lako ataziacha.

Najua wapo watakaosema, "Bwana shamba, basi twende gereji kubwa tu, maana fundi wa chini ya mti ana vumbi." Vumbi ni kweli lipo, na likitua kwenye rangi mbichi linaacha chunusi. Lakini chunusi unaziona siku ya kukabidhiwa, na zinasuguliwa zikaisha. Kutu iliyofunikwa huioni mpaka hela imeshaliwa. Mimi niliumizwa na gereji yenye geti.

Mafundi nao wana lao, na lazima tulisikie. Tunambana fundi bei mpaka nusu, halafu tunataka gari Ijumaa kwa sababu kuna harusi. Bei isiyotosha kununua msasa na praima itanunua puti. Siku mbili hazitoshi kukata bati, kuchomelea na kusubiri kila tabaka likauke. Ukiona bei imeshuka upesi mno, jiulize ni hatua gani imerukwa. Anayebembeleza udanganyifu asishangae akiupata.

Jambo la mwisho, gari la kazi ni mtaji. Breki, matairi na sakafu vitangulie, rangi ifuate. Na ukibadilisha rangi kabisa, kumbuka rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi. Nenda TRA wairekebishe, la sivyo utakuwa unajieleza kwa askari barabarani na kwa mnunuzi siku ya kuuza.

Yule mama alikwenda kwa mafundi wawili. Wa kwanza alimwambia kazi yake haikaguliwi, akaondoka. Wa pili, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini, alimpigia simu siku ya tatu: "Mama, njoo uone kabla sijaendelea." Alikuta mashimo mawili sakafuni, chini ya kapeti, mahali anapopakia magunia. Hela ya rangi ya gari zima ikahamia kwenye kuchomelea sakafu na kutengeneza milango.

Boneti ya Noah yake bado imebabuka na wateja bado wanamtania. Lakini mvua zikinyesha mpunga wake haulowi, na boneti ameipangia baada ya mavuno.

Wiki ijayo tunarudi shambani. Kazi njema.